Kompyuta ya Babu Iliyoamkia Ugenini

Kila jioni kwaya yetu ilisimama kwenye neno lilelile. Tulianza vizuri, tukapanda, tukashuka, sauti nne zikafukuzana kama inavyotakiwa, halafu mwisho wa ukurasa wa tatu tukafika kwenye neno "mawimbi" tukabaki hapo, midomo wazi, kama watu waliovuka nusu ya daraja wakakuta nusu ya pili haijajengwa. Mzee Hemaloto, mwalimu wa kwaya, alishusha fimbo yake polepole na kusema, "Basi. Tusali."

Ukurasa wa nne na wa tano ulikuwa ndani ya kompyuta ya Babu Siotame, na kompyuta ya Babu Siotame ilikuwa imekufa.

Babu mwenyewe alitangulia. Alitunga nyimbo za kanisa kwa miaka arobaini, na macho yalipomwishia, mimi Pisila, mjukuu wake, niliacha shule darasa la sita nikawa macho yake na vidole vyake. Kwetu visiwani wimbo huandikwa kwa namba, kuanzia tatu mpaka tisa. Moja na mbili hazina kazi kanisani, sijui kwa nini. Babu alikaa kwenye mkeka wake kifua wazi, akinitajia: "Tatu. Tano. Saba, vuta. Saba, kata." Mimi nikibonyeza. Alitaja sauti moja mpaka mwisho ndipo aanze nyingine, soprano kwanza, kisha alto, teno, na besi nyuma ya wote, na kila sauti ikawekwa kwenye faili lake. Ndivyo programu ilivyotaka. Programu hiyo alitengenezewa na mwalimu mmoja wa misheni aliyekwisha kurudi kwao New Zealand na kufia huko, na haikufanya kazi mahali pengine popote duniani ila mle ndani.

Wimbo huu aliutunga kwa ajili ya mkutano mkuu wa kanisa. Aliigawia kwaya ukurasa mmoja kwa mwezi, makusudi, ili Hemaloto asipate nafasi ya kuusahihisha. Wazee hawa wawili walikuwa wamegombana miaka thelathini kuhusu besi. Hemaloto ni mtu wa besi, ana sauti ya kutikisa vikombe, na alikuwa akisema mbele za watu, "Besi ya Siotame imekaa chini kama nguruwe aliyeshiba." Babu akijibu, "Nguruwe akikimbia, ujue kuna tatizo."

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mjusi wa ukutani aliingia nyuma ya kompyuta pale kwenye feni, akitafuta joto nadhani. Tukasikia mlio mmoja mdogo. Kukanuka mjusi na plastiki, na kioo kikawa cheusi. Kesho yake Hemaloto alikuja kutupa pole, amefunga mkeka wa msiba kiunoni kabisa, kama desturi yetu, na mfukoni, kwa bahati tu, alikuwa na wimbo wake mwenyewe aliokwisha kuutunga, kurasa tano, sauti zote nne.

"Msihangaike," alisema. "Kama kurasa zile hazitapatikana mpaka Ijumaa, Jumapili ya mkutano tutaimba huu. Marehemu ataelewa."

Mimi nilimjua marehemu. Asingeelewa hata kidogo. Mwaka ule sikuwa na ombi jingine, nilitaka wimbo wa Babu uimbwe mpaka mwisho wake.

Mtu pekee kijijini anayefahamu kompyuta ni Feleti, mtoto wa baba yangu mdogo. Kwetu huyo si binamu, ni kaka. Na kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja, hawatazami kioo kimoja, wala mzaha wa mwilini hausemwi wakiwa wote wawili wanasikia. Si ugomvi, ni heshima. Tulipokuwa wadogo tulipigana kwa vifuu vya nazi mpaka damu; tangu nilipovunja ungo tunasalimiana kama mabalozi.

Feleti anafanyia kazi kwenye kontena kando ya barabara, lenye mlango mmoja na dirisha moja la vioo vya kulaza, chini ya mshelisheli. Jumatano nilimpelekea kompyuta kwenye toroli, nikaiacha mlangoni, nikaenda kufudikiza ndoo chini ya dirisha upande wa nje nikaketi.

"Dada," alisema kutoka ndani baada ya muda mrefu wa bisibisi. "Diski ni nzima. Kilichokufa ni kasha."

"Asante, kaka."

"Lakini wimbo haufunguki kwangu. Ile programu inautaka mfumo endeshi uleule iliopandikizwa nao, kwenye diski ileile. Nikitoa mafaili peke yake naona alama za kuuliza tu."

"Na ukiwasha mashine yako kwa hiyo diski?"

Sidhani kama alitegemea swali hilo litoke kwenye ndoo.

"Nimejaribu. Kioo kimekuwa buluu. Mfumo umeamka, umekuta mwili si wake, umezimia."

"Ehe."

"Sasa nitafanya hivi. Ndani ya laptopu yangu nitatengeneza kompyuta nyingine. Haishikiki, ni ya kudhania tu. Diski ya Babu nitaifunga kwa waya, halafu mfumo wake uamkie humo ndani, kwenye kidirisha. Mfumo wangu utakuwa nje, macho, unauhudumia. Wa Babu utadhani uko kwenye kasha lake."

"Yaani utaudanganya."

"Kila kitu nitaudanganya. Nitauambia kibodi ni hii, kioo ni hiki, feni inazunguka. Wenyewe uendelee na kazi zake."

"Kama Bibi mwaka wake wa mwisho," nikasema. Bibi aliamini bado tunaishi kisiwa cha Haʻapai, na kila siku tulimwambia meli ya kwenda mjini Nukuʻalofa imechelewa, akaridhika, akaendelea kusuka.

"Kama Bibi," alisema Feleti. "Ila dada, kuna mwiko. Diski ni moja na mifumo ni miwili. Wa ndani ukishaamka, wa nje usiiguse ile diski. Kila mmoja ana ramani yake kichwani ya vitu vilivyopo. Wakiandika wote kwa pamoja, mmoja anaweka sahani pale mwenzake alipokwisha kuweka kitanda. Kinachobaki hakifai. Ningenakili diski yote kwanza, lakini diski ya kunakilia iko melini, na meli ni Jumanne. Kwa hiyo awe wa ndani au wa nje. Si wote wawili."

"Mwiko huo naufahamu, kaka," nikasema, mimi niliyeketi juu ya ndoo nje ya ukuta.

Alhamisi asubuhi nilisikia mlio wa kuamka kwa kompyuta ya Babu. Niliujua. Niliusikia kila siku kwa miaka tisa, Babu akikohoa na kuniambia nilete chai kabla namba hazijapoa.

Wakati huohuo Shangazi Lesieli alifika, amebeba kapu la majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui na nyama ya kopo. Shangazi ni binti pekee wa Babu, dada wa baba zetu, na kwetu shangazi ndiye mkubwa wa wote. Akisema blanketi lako zuri, unamkunjia aende nalo. Aliingia kontenani, Feleti akasimama akampa kiti, ambacho kilikuwa kimoja.

"Umefika wapi?"

"Kinaomba neno la siri, Shangazi."

"Hilo si tatizo. Neno la siri ni jina langu. Mimi ndiye binti yake wa pekee."

Nikasikia vidole vya Feleti.

"Kimekataa, Shangazi."

"Andika kwa herufi kubwa."

"Kimekataa."

"Basi hiyo imeharibika," alisema Shangazi, akafungua kapu lake.

Feleti akasogea dirishani. Niliona kidevu chake kupitia vioo. "Dada. Wewe ndiye uliyekuwa unamfungulia. Neno la siri ni lipi?"

Nikatazama barabara. Nguruwe na watoto wake sita walikuwa wanavuka.

"Dada?"

"Siwezi kulisema, kaka."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau."

Kisha nikaona kidevu kinageuka chekundu kutoka chini kwenda juu, kikaondoka dirishani.

Nieleze kidogo. Babu na mjukuu hutaniana, hilo halina ubaya, na kipofu anayetaja maneno huku anatazama ukuta haoni sura ya anayeandika. Babu alichagua neno la siri zamani, macho yake yakiwa mazima, na lilimhusu Bibi alipokuwa msichana, mahali fulani pa mwili wake, na jinsi maji ya kisimani yalivyopita hapo. Mimi nililiandika kila asubuhi kwa miaka tisa kama mtu anayeandika tarehe. Lakini kulitamka kwa kaka yangu, au kumwandikia kwenye karatasi alisome, hapana. Kumpa Shangazi ampelekee ndiyo haiwezekani zaidi, maana binti hasikii mambo ya baba yake ya aina hiyo.

"Mimi nitatoka," alisema Feleti, bila kumtazama mtu. "Yeye aingie aandike. Halafu atoke, mimi nirudi."

Ikawa hivyo. Alitoka akaenda kusimama nyuma ya mshelisheli, uso barabarani. Mimi nikanyanyuka, nikazunguka kontena kwa upande mwingine ili tusipishane, nikaingia. Kidirisha kilikuwa pale katikati ya kioo cha Feleti, na ndani yake picha ya Babu ileile, bustani ya viazi vikuu. Shangazi alitafuna akitazama vidole vyangu. Neno likatokea kwa vidoti tu.

"Kumi na nne," alisema, amehesabu. "Lesieli ni herufi saba. Nilijua. Kaliandika mara mbili."

Nikabonyeza. Mfumo ukafunguka. Nikatoka.

Nilidhani imekwisha. Kumbe mfumo ulipoingia ndani ulianza kukagua chumba kama mgeni wa hoteli. Umegundua kadi mpya ya sauti. Umegundua kipanya kipya. Umegundua kioo kipya. Unaomba uzimwe uwashwe upya. Feleti akauzima, akauwasha, ukaamka, ukaomba neno la siri.

"Sasa nalijua," Shangazi alimwambia. "Andika jina langu mara mbili, usimsumbue dada yako."

Feleti anamheshimu shangazi yake. Akaandika. Likakataliwa. Akatoka akaenda nyuma ya mshelisheli, nami nikazunguka.

Mara ya tatu, mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya kusukia alisimama kututazama, huyu anatoka, yule anazunguka, yule anatoka, huyu anarudi.

"Mnacheza nini nyie?"

"Tunafungua kompyuta," Feleti akaujibu mti.

Baada ya hapo ukatulia, isipokuwa ulileta barua moja. Feleti aliisoma kwa sauti. "Unasema kompyuta hii imebadilika sana tangu mara ya mwisho. Unatupa siku tatu tuthibitishe kwamba sisi ni sisi, baada ya hapo utajifunga."

"Umegundua," nikasema.

"Umeshuku tu. Siku tatu zinatosha. Nauacha kwanza umalize kupanga vitu vyake, diski inaunguruma sana, usiguswe."

Angekuwa peke yake ingeishia hapo. Lakini Shangazi alikuwa amemaliza kula.

"Baba alikuwa na picha humo," alisema. "Za harusi ya Fusi wetu, na za Krismasi ile. Nionyeshe."

"Shangazi, mfumo wa ndani bado—"

"Huo wa ndani unakwenda kama kobe. Fungua kwa huu wa nje. Si diski ni hiyohiyo?"

Nikakohoa.

"Najua, dada," alisema Feleti taratibu.

"Feleti," alisema Shangazi.

Nilimwona kupitia vioo. Ni fundi mzuri, na alijua kabisa anachotaka kukifanya. Lakini hajazaliwa bado mtu wa ukoo wetu aliyemwambia Shangazi hapana. Akafungua diski kwa nje. Picha zikajaa kioo, kando ya kidirisha ambamo mfumo wa Babu ulikuwa unaendelea kuunguruma haujui kitu.

"Kutazama tu si vibaya sana," alinong'ona Feleti, nadhani akiniambia mimi.

"Jamani, tazama baba alivyopendeza," alisema Shangazi. "Na huyu? Huyu ni mimi? Hapana. Hapa nimenenepa. Futa."

Nikakohoa zaidi.

"Pisila, una kifua? Kanywe maji. Futa, Feleti."

"Shangazi, tungengoja hata nusu saa—"

"Na hii. Na hii hapa pia, sura gani hii. Hizi zote nane zenye yule mwanamume, futa." Yule mwanamume alikuwa mume wake wa kwanza, aliyekimbilia ng'ambo, Utah. "Nisimwone tena humo."

Zilikuwa picha kumi na moja. Nilihesabu kwa kusikiliza kipanya.

Mfumo wa ndani haukulalamika mara moja. Ulikaa kama mtu aliyepigwa na hajajua amepigwa. Kisha kidirisha kikaganda. Feleti akafunga upande wa nje haraka, akauzima wa ndani, akauwasha. Safari hii haukuomba neno la siri. Kioo kikajaa maandishi meupe, mstari juu ya mstari, ukijikagua.

"Unasema nini?" aliuliza Shangazi.

"Unahesabu uharibifu. Unataja mafaili yaliyopoteza folda zake. Unayaita yatima."

Shangazi akaweka mkono kifuani. "Yatima wa nani? Kwenye ukoo huu hakuna yatima. Mtoto akifiwa anachukuliwa siku hiyohiyo."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwambie hivyo."

Feleti aliketi sakafuni mpaka maandishi yakaisha. Kisha mfumo ukaamka, ukaomba neno, yeye akaenda mtini, mimi nikazunguka, nikaandika. Safari hii sikutoka mara moja. Nilikuwa najua folda ilipo kuliko yeye, kwa hiyo nikaifungua mwenyewe.

Soprano ikafunguka, kurasa tano. Alto ikafunguka. Teno ikafunguka. Niliziona namba za Babu zikiwa zimejipanga, na kwenye kila moja nikakumbuka hali ya hewa ya siku ile. Besi nikaibonyeza mara moja, mara mbili, mara tano. Jina lilikuwepo. Ndani hapakuwa na kitu.

Niliendelea kukaa mpaka Shangazi akaniuliza kama nimelala.

Nilipotoka, Feleti alirudi akapiga picha sauti zile tatu kutoka mfumo wa nje, kidirisha kizima, akazichapa kwenye mashine yake. Akayatafuta yale mafaili yatima moja moja. Yalikuwa vipande vya picha, sikio la Fusi na robo ya keki. Jua lilikuwa limeshapita juu ya kontena alipotoka. Alisimama akiutazama mshelisheli.

"Dada, nimekosa."

"Hukukosa, kaka."

"Nilijua."

"Na mimi nilijua. Nilikohoa."

"Nilikusikia," akauambia mti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Shangazi alituangalia wote wawili kwa zamu. Si mjinga Shangazi. Alikunja kapu lake, akasema, "Haya. Yule mwanamume hata akifutwa analeta hasara," akaenda zake.

Habari ilifika kwa Hemaloto kabla yangu. Nilimkuta ukumbini anafuta ubao mkubwa tunaoandikiwa nyimbo.

"Nimesikia," alisema. "Wimbo bila besi ni mlingoti umesimama kwenye mchanga. Pole sana, binti. Nimejitahidi kusubiri." Wimbo wake tayari ulikuwa umetoka mfukoni na kukaa juu ya meza.

"Mwalimu ulisema mpaka Ijumaa."

Alinitazama juu ya miwani. "Nilisema. Kesho saa kumi nitaanza kuandika ubaoni. Mwenye kitu akilete kabla ya hapo."

Ijumaa nilikuwa na zamu ya kukuna nazi za Jumapili. Nilitandaza karatasi tatu alizochapa Feleti kwenye ngazi ya jikoni, nikaziwekea mawe zisipeperuke, nikakuna huku nikiimba, soprano kidogo, teno kidogo, nikisikiliza panapobaki wazi.

Sikuwa ninaikumbuka besi yake. Watu wanadhani mtu akiandika namba anazikumbuka, lakini anayemimina maharage kwenye debe hajui yalikuwa mangapi. Nilichokijua ni kingine. Nilikuwa nimeandika besi za Babu kwa nyimbo mia moja na zaidi, na mwendo wake niliujua kama mwendo wa mtu unayemsikia gizani ukajua ni nani. Besi ya Babu hutoka tatu kwenda saba, inarudi tatu. Ikiona sauti nyingine zinagombana, inanyamaza kidogo, kisha inasema neno moja. Karibu na mwisho inashuka mpaka saba ya chini na kukaa hapo, kama mzee anayeketi kuvua viatu. Niliandika kwa penseli, mkono mmoja una machicha ya nazi. Ukurasa wa nne ulikwisha kabla ya saa sita, na nilipouimba nilimwona amekaa kwenye mkeka.

Kwenye ukurasa wa tano palikuwa na mahali pamoja pagumu. Ni kwenye maneno "miguu ikagusa nchi kavu". Soprano inapanda, alto inaisindikiza, na teno inawaachia njia. Babu angeketi hapo. Nikaandika saba ya chini, nikavuta. Nikaimba. Haikukaa. Nilihisi kama watu watatu wametoka majini na wa nne amebaki ndani hajaitwa. Nikafuta nikaandika: tatu, nne, tano, sita, saba, besi inapanda hatua kwa hatua mpaka inawafikia wenzake. Nikaona aibu, nikafuta. Nikarudisha saba ya chini. Nikafuta. Karatasi ilikuwa imeanza kutoboka pale. Nikajiambia Babu amekufa hawezi kukasirika. Halafu nikamfikiria vizuri nikaona anaweza. Nikarudisha ile ya kupanda, nikaiacha.

Saa kumi kasoro nilikuwa ukumbini. Shangazi alikuwepo mstari wa mbele, watu wa kwaya wanaingia, na Hemaloto ameshashika chaki.

"Hii hapa besi ya wimbo, mwalimu, na zile sauti tatu."

Alisimama. "Mmeipata? Feleti aliniambia faili ni tupu."

"Feleti hakuwa na neno la siri," alisema Shangazi kwa sauti ya watu wote kusikia. "Lilikuwa jina langu mara mbili."

Hilo halikujibu swali, lakini Shangazi akishasema hakuna anayeuliza tena. Hemaloto alichukua karatasi.

"Mwandiko wako huu."

"Babu alikuwa haoni, mwalimu. Mwandiko wote ni wangu."

Akaanza kuguna namba, fimbo inagonga paja. "Mm. Mm. Tazama, ameketi tena. Mvivu, mvivu. Tatu, saba, tatu, kama saa ya ukutani." Watu wa besi wakacheka. Alifurahi sana, ulikuwa ugomvi wake wa zamani umerudi kumtembelea. Akageuza ukurasa wa tano. Akaguna mpaka kwenye nchi kavu, akasimama.

Akarudi nyuma mstari mmoja. Akaguna tena, polepole.

Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimefungasha jibu tayari: ni mimi, mwalimu, nisamehe, imba huo wako.

"Miaka thelathini," alisema Hemaloto. Alivua miwani. "Miaka thelathini namwambia mtu huyu, Siotame, hapa ipandishe, besi nayo ina miguu. Ananicheka. Ananiita muuza samaki mbele ya mchungaji." Alifuta miwani kwa ncha ya mkeka wake, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Kumbe alikuwa anasikia."

Mimi nilifungua mdomo. Shangazi akakohoa. Sikuwahi kusikia kikohozi kama kile, kilikuwa kifupi na kimenyooka, kikanipita kama msumari. Nikafunga mdomo.

Hemaloto akageukia ubao, akaandika kurasa mbili zote kwa chaki, namba kubwa, bila kusahihisha kitu. Na jioni ile tulipofika "mawimbi" hatukusimama. Tulivuka. Baadhi walishtuka wakaendelea kuimba macho yamewatoka. Pale penye nchi kavu besi ilipanda, Hemaloto ndani yake akiimba huku anapiga fimbo, na vioo vya madirisha ya ukumbi vikatetemeka.

Jumapili tuliimba mbele ya makanisa yote ya kisiwa. Sitasema tuliimbaje, nilikuwa ndani ya alto na aliye ndani hasikii. Wazee waliosimama nyuma waliomba turudie ukurasa wa mwisho, tukarudia. Feleti alikuwa upande wa wanaume, ameangalia chini, anasogeza midomo.

Baadaye, watu wakila nje kwenye mikeka, Hemaloto alinijia na sahani yake ya nguruwe. Aliketi kwa shida.

"Binti, ile karatasi ya besi. Nipe niihifadhi mimi."

Ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Nikampa. Akaifungua pale palipotoboka kwa kufutwa, akapapasa tundu kwa kidole.

"Hapa alihangaika," alisema. "Naona. Aliandika akafuta, akaandika akafuta."

"Mara tatu, mwalimu."

"Mara tatu." Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Na alipokubali mwishoni, alipokutajia hizi namba za kupanda, alisema nini? Niambie ukweli. Alinitaja?"

"Hakusema neno, mwalimu."

Hemaloto akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko uleule uliokuwa na wimbo wake.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Hawezi kukiri." Na akanimegea kipande cha ngozi ya nguruwe, ile ya juu, iliyokauka vizuri, ambayo mtu hampi mwenzake hivihivi.